Usiulize Kwanza Muuaji Ni Nani

Katika vibanda vya gemu vya huku kwetu Kagongwa, kama ilivyo Kahama mjini na Isaka, pedi zinachezewa mpira kutwa nzima. Akitokea kijana na kompyuta yake mpakato yenye gemu ya upelelezi, watu humzunguka, wakasoma pamoja naye, wakataja majina ya washukiwa kwa sauti, kisha wakatawanyika mmoja mmoja. Wengi husema Kiingereza ndicho kilichowashinda. Mimi naona kilichowashinda ni swali. Tangu dakika ya kwanza wanaulizana muuaji ni nani, na gemu hizi, hasa zile ambazo siku inajirudia, hazikutengenezwa kulijibu swali hilo mapema. Ukiling'ang'ania, zinakurudisha mwanzo mpaka uchoke.

Nazipenda kuliko gemu nyingine zote, na ningefurahi kuona vijana wengi zaidi wa huku wakizifikisha mwisho. Nitaeleza namna ninavyozisoma.

Kwa asiyezijua: mhusika wako anaishi kipande kimoja cha wakati ambacho kikiisha kinaanza upya. Milango iliyovunjwa inajifunga, waliokufa wanaamka, karibu kila mtu amesahau isipokuwa wewe. Katika Outer Wilds, iliyotoka mwaka 2019, kipande hicho ni kama dakika 22, halafu jua linalipuka. Katika Elsinore, ya mwaka huohuo, ni siku nne ndani ya ngome ya kifalme ya Denmark. Unacheza kama Ophelia wa tamthilia ya Hamlet, ambaye ameota vifo vya watu wote wa nyumba ile na anahangaika kuvizuia. (Wanaomjua Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere watajisikia nyumbani haraka, ingawa Mwalimu alichagua tamthilia nyingine.) Katika The Sexy Brutale ya mwaka 2017 ni kuanzia mchana hadi katikati ya usiku, katika jumba la kamari ambamo wafanyakazi wanawaua wageni mmoja baada ya mwingine. Na Twelve Minutes ya mwaka 2021 inafanyika katika nyumba ndogo ya mume na mke. Wakiwa wanazungumza, mtu anayejitambulisha kuwa polisi anagonga mlango na kumtuhumu mke kwamba alimuua baba yake mzazi.

Tazama hizo mbili za mwisho. Kwenye jumba la kamari wauaji unawaona kwa macho yako, mapema kabisa. Kwenye ile nyumba, atakayekudhuru anakuja mwenyewe mlangoni. Jina la mhalifu unapewa bure, na bado hujui cha kufanya. Unachotafuta ni mpangilio: jambo gani lazima litokee ndipo jambo jingine litokee, nani alikuwa wapi, na kitu gani kilipita mkononi mwa nani. Ukiupata mpangilio, jina linakuja lenyewe, na mara nyingi si lile ulilokuwa umeliweka moyoni.

Basi mizunguko ya mwanzo usiokoe mtu. Najua ni vigumu, maana unamwona mtu anakwenda kufa na mikono inakuwasha. Mwache. Chagua mtu mmoja na umfuate tangu mzunguko unapoanza hadi unapoisha, ukisikiliza na kutazama tu. Mzunguko unaofuata chagua mwingine. The Sexy Brutale inakulazimisha kufanya hivyo, kwa sababu huruhusiwi kukaa chumba kimoja na mtu yeyote. Unachungulia kwenye matundu ya funguo na kujificha makabatini. Watengenezaji wake walijua kwamba mchezaji akiachiwa atakimbilia kuingilia kabla hajaelewa. Humo pia kuna mlio wa risasi unaosikika wakati uleule kila mzunguko, popote ulipo ndani ya jumba. Mwanzoni unakushtua. Baadaye unakuwa kigingi cha kufungia kila kitu: huyu alitoka sebuleni kabla ya mlio, yule aliingia baada yake. Tafuta vigingi vya namna hiyo katika kila gemu, iwe kengele, simu, radi au mlango unaobamizwa, kwa kuwa watu wanaweza kukudanganya kuhusu saa lakini mlio haudanganyi.

Kuhusu saa zenyewe, angalia usijichanganye. Jumba lile linaanza saa 12:00 mchana kwa saa ya kwenye skrini na kuisha saa 12:00 usiku, ambazo kwetu zote mbili ni saa sita. Ukiandika "saa sita" bila neno jingine, kesho yake hutajua uliandika mwanzo au mwisho. Andika saa kama inavyoonekana kwenye skrini na usizibadilishe.

Sasa daftari, ambalo bila hilo hufiki mbali. Wakati wa msimu wa mpunga nenda kwenye mashine yoyote ya kukoboa hapa mjini ukasimame karibu na karani. Fuso limesimama, vijana wanashusha. Mwenye mzigo anasema, "Andika gunia 40." Karani anaandika 40, lakini mstari haufungi. Anangoja gunia la mwisho liguse chini, anahesabu mwenyewe kwa kidole, na pembeni ya ile 40 anaandika 39. Saa ya gari kufika hamuulizi dereva. Anatazama saa yake. Jioni mchele ukitoka na mabishano yakaanza, hana haja ya kukumbuka nani alisema nini. Alichoambiwa kiko safu yake, alichokiona kiko safu yake, na hakuna anayeweza kuzichanganya.

Fanya hivyohivyo. Gawa ukurasa: upande mmoja nilichoona, upande wa pili nilichoambiwa, na pembezoni saa. Mke katika Twelve Minutes akikueleza jambo kuhusu familia yake, hilo ni la upande wa pili hata kama analia. Hati uliyoishika mkononi ni ya upande wa kwanza, lakini maneno yaliyoandikwa ndani yake ni ya upande wa pili, kwani karatasi nayo iliandikwa na mtu. Hapo ndipo wengi wanapotelezea. Wanapata barua wakaiamini kwa sababu ni barua. Outer Wilds inakusaidia katika hili, kwa kuwa chombo chako cha angani kina kumbukumbu inayojiandika yenyewe na kubaki hata baada ya mzunguko kuisha. Ulichokisikia tu kinawekwa kama tetesi, kimeunganishwa kwa mstari na mahali kilipotoka. Ukifika mwenyewe ndipo maelezo yanajaa. Na mahali ulipopaacha bila kupamaliza inakuambia wazi kwamba bado kuna kitu. Gemu nyingine hazikupi msaada huo, ndiyo maana kalamu inabaki kuwa muhimu.

Ukishapata kurasa kadhaa, unaanza kuzisoma. Hapa nina kanuni moja ninayoiamini kuliko zote: tenganisha kinachobaki palepale na kinachobadilika. Jambo linalotokea kila mzunguko bila kujali umefanya nini, hilo lilikuwapo kabla yako. Limepandwa na historia ya watu wale. Jambo linalotokea mzunguko mmoja na kukosekana mwingine, hilo umelisababisha wewe kwa neno, kwa mlango ulioacha wazi, au kwa kusimama mahali ambapo mtu hakutegemea kukukuta. Aina ya kwanza inakueleza yaliyopita. Aina ya pili inakueleza tabia ya mtu, maana inaonyesha anavyofanya akibanwa, na yote mawili unayahitaji. Ila ukiyachanganya utamtuhumu mtu kwa hasira uliyomtia mwenyewe.

Ili utenganishaji huo uwezekane, badilisha jambo moja tu kwa kila mzunguko. Ukimficha mtu funguo, ukamwambia mkewe siri na ukazima taa kwa pamoja, kisha yule mtu akakimbia, umejifunza nini? Hujui kilichomkimbiza. Elsinore ndiyo shule nzuri kabisa ya jambo hili. Ophelia hana silaha wala cheo. Anachobeba kutoka mzunguko hadi mzunguko ni habari. Unachukua neno ulilolisikia kwa mtu mmoja na kumfikishia mwingine, halafu unatazama. Neno lilelile likimfikia mama linazaa jambo moja, likimfikia mwana linazaa jingine, na wakati mwingine linamfikia mtu ambaye hukumpelekea kabisa. Gemu inakuonyesha ratiba ya matukio yaliyopangwa kutokea, na unaona tukio likifutika na jingine likizaliwa mahali pake. Peleka neno moja, ngoja hadi mwisho, andika, ndipo upeleke la pili.

Aya inayofuata ina siri ndogo ya Twelve Minutes. Asiyetaka kuambiwa airuke.

Swichi ya taa ya chumbani katika nyumba ile ina hitilafu. Ukiiwasha, inakurusha kidogo. Wachezaji wengi wanashtuka, wanaendelea na mambo yao, na kuhesabu lile kuwa pambo la kuonyesha kwamba nyumba ni kuukuu. Lakini linatokea kila mzunguko, na nyumba yenyewe ina vyumba vitatu vidogo tu. Mtunzi hana nafasi ya kupoteza. Anayeliandika kwenye safu ya "nilichoona" atafika mahali atajiuliza: na akishika mtu mwingine, je? Swali hilo ndilo linalomfungua yule mtu wa mlangoni kuwa mtu unayeweza kuzungumza naye badala ya kuuawa naye. Kadiri mahali panavyokuwa padogo, ndivyo kila kitu kilichomo kilivyo na kazi. Kikombe, vidonge vya usingizi, kabati la kujifichia: andika vyote.

Sitaki lakini ufikirie kwamba kila kisichobadilika ni dalili. Gemu imetengenezwa na watu wenye muda na fedha kidogo. Mtu akikujibu sentensi ileile neno kwa neno hata ukimuuliza kwa njia tatu, pengine hafichi chochote. Mtunzi ndiye aliyeishiwa maneno ya kumpa. Namna ya kutofautisha ni kuangalia kama mahali pengine katika gemu wahusika wadogo nao wanarudia vivyo hivyo. Kama wote wanarudia, ni ufinyu wa mtambo. Kama ni yeye peke yake, mchimbe.

Nije kwenye uongo, eneo ambalo sisi tulio wasomaji wa Kiswahili tuna hazina yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi wake Bwana Msa akaendelea katika Kisima cha Giningi na vitabu vingine hadi miaka ya 1980. Anayejiandaa kucheza gemu hizi ningemshauri asome kimoja kwanza, hata kabla ya kugusa pedi. Bwana Msa anavuta kiko chake, anaongea na watu kwa utaratibu, na pale wengine wanapokubali haraka kwamba jambo ni la mizimu au uchawi, yeye anaendelea kuuliza mambo ya kawaida ya dunia hii. Pia anatufundisha jambo ambalo gemu hizi zimejaa: watu wanadanganya kwa sababu nyingi, na kuua ni moja tu kati yake. Mmoja anaficha mapenzi, mwingine deni, mwingine aibu ya ukoo. Ukimkamata mtu na uongo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Tafuta uongo ule unalinda nini. Mara nyingi utakuta unalinda kitu kidogo chenye huruma ndani yake, na mtu huyo, akishajua kwamba unakijua na hukumwaibisha, ndiye atakayekupa ufunguo wa mwisho.

Kila dalili uliyoiandika iandikie chini yake maelezo ya pili. Nasema hivi nikiwa mtu wa Shinyanga. Katika mkoa huu na mikoa jirani bibi zetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na "ushahidi" uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho mekundu ya mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na pa kutokea moshi. Waliotoa hukumu walikuwa na dalili ya kweli kabisa mbele yao, macho yalikuwa mekundu kweli, na walikuwa na maelezo ya aina moja tu kichwani. Hakuna aliyesimama akasema: moshi. Kwa hiyo mtu anaponiuliza kwa nini nahimiza vijana wapoteze saa zao kwenye gemu za kutafuta dalili, hilo ndilo jibu langu. Mahali ambapo dalili iliyosomwa vibaya imegharimu maisha, mazoezi ya kuuliza "na kama si hivyo?" si ya kupotezea muda.

The Forgotten City, nayo ya mwaka 2021, inalipeleka suala hili mbali zaidi. Ilianza mwaka 2015 kama nyongeza iliyotengenezwa na mchezaji mmoja wa Australia, mwanasheria, ndani ya gemu ya Skyrim, kabla ya kuwa gemu inayojitegemea. Uko katika mji wa Kirumi ulio chini ya ardhi, ambamo mtu mmoja akitenda dhambi wote wanageuzwa sanamu za dhahabu. Unatumwa kumtafuta atakayeivunja sheria hiyo. Wanaoharakisha wanawachunguza watu. Anayesoma vizuri anaichunguza sheria yenyewe. Kuna mfanyabiashara anauza dawa kwa bei ya kukomoa wakati mgonjwa yuko hoi, na hakuna anayegeuzwa dhahabu. Kuna mtu amewatia wenzake utumwani kwa deni, na hakuna anayegeuzwa dhahabu. Andika mambo hayo! Kile ambacho sheria haikinasi ndicho kinachokuonyesha aliyeitunga alikuwa mtu wa namna gani. Kwa kadiri ninavyoona, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote katika mji ule, na haipo mfukoni mwa mtu yeyote.

Hapo umeshavuka kutoka kwenye dalili na kuingia kwenye hadithi. Swali la mwisho la gemu za namna hii karibu kila mara ni kwa nini wakati unajirudia, na aliyefaidika na kujirudia kwake ni nani. Jiulize mhusika wako mwenyewe anakimbia nini, na kama yeye naye hana safu yake ya "nilichoambiwa" aliyoiamini mno. Baadhi ya gemu hizi hazina mhalifu kabisa, na anayetafuta wa kumfunga pingu anaumaliza mchezo akiwa na hasira. Nyingine, Twelve Minutes ikiwa mojawapo, zinaishia mahali ambapo wachezaji wawili wanaweza kuelewa mambo mawili tofauti. Msibishane kwa sauti. Kila mmoja afungue daftari aonyeshe mistari inayobeba maelezo yake, na mwenye mistari mingi kutoka safu ya kwanza asikilizwe kwanza.

Kiingereza kisikukimbize. Chezeni wawili: mmoja ashike pedi, mwingine ashike kalamu, na mbadilishane kila mzunguko. Huhitaji kutafsiri kila sentensi. Kamata majina, saa, mahali, na vitenzi vinavyoonyesha kama anayesema aliona mwenyewe au alisikia kwa mwingine. Mazungumzo marefu ya mapenzi na falsafa mnaweza kuyarudia baadaye. Siku itajirudia tu. Anayetaka kujipima kabla ya kuanza achukue Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, yenye picha za rangi mbili. Haina siku inayojirudia, ila ina watu 60 wa meli moja ambao lazima ujue kila mmoja ni nani na alipatwa na nini, na inakuthibitishia majibu matatu kwa pamoja tu, ili usifike kwa kubahatisha.

Mkikwama na kuna rafiki aliyekwisha maliza, msimuulize jibu. Muulizeni kama mahali fulani mmepamaliza au bado, naye ajibu ndiyo au hapana basi. Jibu la mtu likishaingia kichwani halitoki, na gemu hizi haziwezi kuchezwa upya kama mpira. Kuzijua ndiko kuzimaliza.

Na kabla hujamtaja mtu yeyote kwa jina, cheza mzunguko mmoja mzima bila kugusa lisilo la lazima, daftari likiwa limefunguka magotini kwa mwenzako. Taja kila jambo kabla halijatokea: sasa atapita huyu, sasa mlio, sasa yule atamdanganya mwenzake, naye atajibu hivi. Mwenzako aweke alama palipo sahihi. Utafika mahali utakosea, pengine mtu atapita mlango ambao hukuutaja au simu italia hukuitegemea. Pigieni mstari hapo, mzunguko ukianza upya mfuateni aliyekuwa karibu na mlango ule, na myaache mengine yote mpaka mjue alikuwa anakwenda wapi.